Triga Iliyovunjika Mbali na Kiwanda

Bunduki ya zamani mara nyingi haiharibikii kwenye mtutu. Mtutu ni chuma kinene, na ukitunzwa hustahimili miaka mia na zaidi. Vinavyokwisha ni vitu vidogo vilivyojificha chini yake: springi bapa, pini nyembamba, jino la chuma linalozuia kipigio kisiachie mpaka kidole kiamue. Kimoja kikikatika, silaha nzima inageuka fimbo. Magharibi mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo tunaiita Bukoba na Muleba, tatizo hili lilikuwa zito kwa sababu ya umbali, na namna watu wa eneo la ziwa walivyolitatua inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua. Hoja ninayoitetea ni moja: kupata kipuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, tena ndiyo ngumu, ni kukifanya kikae mahali pake.

Mwisho wa njia ya vipuri

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki walikuwa bado wanabeba Mauser ya mfano wa 1871. Ilipiga risasi moja tu, kisha ijazwe upya. Mtutu wake ulikuwa wa milimita 11, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Ujerumani kwenyewe jeshi lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye mfano wa 1898.

Fikiria safari ya springi moja kutoka Ujerumani hadi Bukoba wakati huo. Kwa njia ya ndani ya koloni, ingepanda meli hadi Dar es Salaam, ichukuliwe na reli hadi Tabora, ibebwe na wapagazi hadi Mwanza, kisha ivuke ziwa. Na hapo ni wakati wa amani tu. Vita ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani na ziwa nalo likawa mikononi mwao. Juni 1915 walivuka kutoka Kisumu, wakauteka mji wa Bukoba na kukibomoa kituo cha simu ya upepo, kisha wakarudi walikotoka. Kwa askari aliyebaki upande huu, kipuri kutoka kiwandani kilikuwa ndoto.

Triga yenyewe ilivyoundwa

Mauser ya 1871 ina triga rahisi mno. Chini ya chumba cha risasi imefungwa springi bapa kwa skrubu moja, na mwisho wa springi hiyo umechongwa jino linalochomoza juu na kushika kipigio. Triga yenyewe imening'inizwa kwenye springi hiyohiyo kwa pini. Kidole kikivuta, triga inajiegemeza kwenye chuma cha juu, springi inapinda, jino linashuka na kipigio kinaruka mbele. Springi inafanya kazi mbili kwa pamoja: inasukuma, na inashika.

Urahisi huo ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake. Vipande ni vichache, lakini springi ikivunjika hakuna kingine cha kushika kipigio. Na sababu za kuvunjika zilikuwa tele. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu hewani na kula chuma, na Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini Tanzania. Kutu huchimba vishimo vidogo. Springi inapopinda, nguvu yote hukusanyika kwenye kishimo kimoja, mara nyingi karibu na tundu la skrubu au penye kona, na ufa huanzia hapo. Kwa muda mrefu ufa huo hauonekani kwa macho, mpaka siku unapomaliza kazi yake.

Ndugu wa karibu na ndugu wa mbali

Njia ya kwanza ya kutafuta kipuri ni kumtafuta ndugu wa bunduki, yaani nyingine ya aina ileile iliyokufa kwa sababu tofauti. Hapa wengi hukosea kwa kuridhika na jina Mauser. Kuna mfano wa 1871, kuna 71/84 yenye ghala la risasi, na kuna wa 1898 ambao springi yake ya triga imezungushwa kama ya kalamu. Springi ya 1898 haiwezi kukaa kwenye ya 1871 hata kwa dawa.

Ukimpata ndugu halisi bado kazi haijaisha. Mauser za 1871 zilitengenezwa Oberndorf, Spandau, Erfurt, Amberg, Danzig na hata Steyr nchini Austria. Mashine zilikata vipande kwa vipimo vilivyokusudiwa kufanana, lakini mwisho wa kazi fundi alivilinganisha kwa tupa, kisha vikagongwa tarakimu za namba ya bunduki husika. Tarakimu hizo ni ushuhuda wa kiwanda chenyewe kwamba vipande hivi vilizoeshwa kuishi pamoja. Ukihamisha springi kwenda bunduki nyingine, skrubu inaweza kuingia vizuri na jino likagusa kipigio kwa ukingo tu. Inaonekana imepona, kumbe mtikisiko mdogo unatosha kuifyatua.

Vita hiyohiyo ilionyesha kwa kipimo kikubwa kwamba kupata kifaa ni nusu tu ya kazi. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani silaha, ilishambuliwa katika ghuba ya Mansa, kaskazini mwa Tanga. Bunduki za kisasa karibu 1,800 ziliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe na baruti ikaushwe. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo manowari ya Königsberg ilimalizwa katika delta ya Rufiji, na mabaharia wakatupa majini vifungio vya mizinga ili adui asiitumie. Baadaye mizinga yote 10 iliopolewa pamoja na vifungio. Kama kipuri kingekuwa kazi yote, habari ingeishia hapo. Lakini mzinga wa meli hauna magurudumu, kwa hiyo karakana ya reli ya Dar es Salaam ilibidi itengeneze kigari cha magurudumu cha kuubebea nchi kavu. Chuma kilipatikana mtoni, uwezo wa kupigana ukapatikana karakanani.

Fundi aliyetengeneza springi

Njia ya pili ni kutengeneza, na kwa hili eneo la ziwa lilikuwa na mtaalamu wake kabla ya vita hiyo. Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyesomea uhandisi, alifika Buganda kwa Kabaka Mutesa mwaka 1878 na kufanya kazi za uhunzi na ufundi, zikiwemo za kukarabati bunduki, mpaka alipofukuzwa mwaka 1887. Ujuzi haukuondoka naye. Frederick Lugard, katika kitabu chake cha mwaka 1893, alimtaja Fundi Kisule, mhunzi aliyejifunza kwa Mackay, kuwa aliweza kutengeneza springi mpya na kurekebisha bunduki iliyoharibika kwa ustadi wa hali ya juu. Aliandika pia kwamba wahunzi wa Buganda walichonga kitako ambacho ni vigumu kukitofautisha na cha mtengeneza bunduki wa London.

Kitako ni mbao. Anayejua kuchonga atakichonga. Springi ni mtihani mwingine. Chuma laini kikipindwa hakirudi. Inatakiwa feleji, chuma chenye kaboni ya kutosha. Hukatwa na kupigwa tupa mpaka ifanane na ile iliyovunjika, hupashwa moto mpaka iive nyekundu, kisha huzamishwa ghafla. Ikitoka hapo ni ngumu lakini hukatika kama glasi. Ndipo hurudishwa kwenye moto mdogo, na fundi huangalia rangi ikipita juu ya chuma kilichosafishwa: manjano, kahawia, zambarau, halafu buluu. Ikiwahi kutolewa itavunjika, ikichelewa italegea. Fundi asiye na kipimajoto anategemea jicho lake tu, na jicho hilo hulelewa kwa miaka.

Kwa Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, feleji haikuwa kitu kigeni. Wanaakiolojia Peter Schmidt na Donald Avery walichunguza mabaki ya tanuri Kemondo, kati ya Bukoba na Muleba, yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliojua kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti hao. Walichoma matete ya kinamasi na kujaza mkaa wake chini ya tanuri, wakavukuta kwa viriba, na chuma kilichotoka kilikuwa na sehemu zenye kaboni, yaani feleji. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Wataalamu wamebishana kuhusu maelezo ya joto la tanuri hizo, lakini feleji yenyewe iliyotoka inaonekana kwenye hadubini.

Mwenye bunduki ya kale leo

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka silaha, umiliki wake na ukarabati wake chini ya vibali. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa familia ya Bukoba au Muleba iliyorithi bunduki kuukuu ni kituo cha polisi, na ya pili ni fundi mwenye leseni. Hilo nalitetea kwa sababu za kiufundi pia: pembe ya jino la triga ikikosewa kwa unene wa karatasi, bunduki inaweza kuua aliye upande usiokusudiwa. Kama thamani yake ni historia tu, afadhali ibaki bila kupiga.

Lakini kwa vyovyote vile kipande kilichovunjika kisitupwe. Kifungwe kwenye kitambaa chenye mafuta na kihifadhiwe pamoja na silaha. Kinabeba vipimo, tarakimu, pembe ya jino na mahali ufa ulipoanzia, mambo ambayo picha haziwezi kuyatoa yote. Fundi wa aina ya Kisule hawezi kufanya kazi bila mfano wa kuufuata, na ukikitupa kipande hicho unamnyima mfano pekee ulio wa kweli.