Mnara wa Taa Darasani

Historia ya minara ya taa inapofundishwa watoto wadogo, aghalabu huanzia Aleksandria, nchini Misri, ambako mnara mashuhuri ulijengwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mtoto hukaririshwa majina ya wafalme na urefu wa jengo, kisha huletwa pwani yetu na kuambiwa kwamba wageni ndio waliotuletea mwanga. Mafunzo ya namna hii yana kasoro mbili.

Kwanza, humpa mtoto jibu kabla hajalijua swali. Mnara ni jibu la hatari, yaani mwamba usioonekana usiku. Mwalimu na awaingize watoto katika chumba chenye giza, aweke kibatari sakafuni nyuma ya kasha, kisha akipandishe juu ya meza. Hapo watafahamu wenyewe kwa nini taa huinuliwa. Halafu kila kundi na lipige makofi kwa mapigo yake. Watatambua kwamba taa nyingi za minara huwaka na kufifia kwa mpango maalumu, ili nahodha ajue yuko wapi, kama mtu aitambuavyo ngoma ya kwao kwa mlio wake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: kudhani kwamba kabla ya minara palikuwa na giza tupu. Manahodha wa majahazi walisafiri karne nyingi wakifuata nyota na pepo za kaskazi na kusi. Ahmad ibn Majid aliiandika elimu hiyo kwa Kiarabu katika karne ya 15. Tena, mnara wa taa uliosimama mbele ya jumba la Sultani mjini Unguja uliharibiwa kwa mizinga ya manowari za Uingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mwaka 1904 Waingereza hao hao walijenga mnara katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji huo, nao ungali umesimama.

Je, habari hizi si nzito kwa mtoto? La. Kuuliza, "Taa hii iliwekwa kwa faida ya chombo cha nani?" ni kwepesi kuliko kukariri orodha ya miaka. Wala kuuliza hivyo si kuudharau mnara. Mwanga wa Chumbe haukubagua: meli ya mkoloni iliuona, na mvuvi katika ngalawa yake aliuona pia. Mtoto na afundishwe yote mawili.