"Kurejesha": Neno Moja, Kazi Tatu

Makala haya yanahusu neno moja tu, kurejesha, na jinsi linavyotumika katika fasiri za maelekezo ya vifaa vya kuhifadhia mafaili majumbani. Msomaji asidhani kwamba neno moja ni jambo dogo. Yuko ndugu mmoja wa Maswa, mkoani Simiyu, ambaye neno hilo limempotezea picha za miaka sita.

Ndugu huyu hupiga picha za harusi, ubatizo na misiba. Picha zake alikuwa akiziweka katika kisanduku chenye diski mbili, kilichounganishwa na ruta sebuleni kwake, ili kompyuta na simu zote za nyumbani ziweze kuzifikia. Siku moja kisanduku kilimtaka akubali "kuboresha programu dhibiti". Akakubali. Kilipowaka tena, ukurasa wa mipangilio ulifunguka vizuri katika simu yake, lakini kompyuta yake kuukuu ya Windows XP, ambayo alikuwa bado akiitumia kwa ajili ya mashine ya kuchapia picha, haikuyaona makabrasha. Alitazama karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Humo aliambiwa kwamba ikiwa mafaili hayaonekani baada ya kuboresha, hatua ya kufuata ni kurejesha. Na kweli, katika ukurasa wa mipangilio palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Rejesha", bila neno jingine. Alikuwa na vitu vya kurejeshewa, naye akabonyeza. Akaulizwa kama ana hakika, akajibu ndiyo.

Picha zilikuwa salama mpaka dakika ile. Hilo ndilo linalotuuma. Kompyuta na kisanduku cha namna hii huzungumza kwa kanuni maalumu ambazo kwa Kiswahili tumeziita itifaki, na hapa hatuna budi kuwasifu walioteua neno hilo, kwani asili yake ni mapatano, na pasipo mapatano hapana mazungumzo. Itifaki inayotumika sana katika kugawana mafaili ni SMB, na Windows XP haijui toleo lake jingine ila lile la kwanza. Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa Windows katika toleo hilo la zamani. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakilifunga: Windows 10 za mwishoni mwa mwaka ule zilianza kutolewa bila kulipachika, na Samba, programu inayotumiwa na vingi vya visanduku hivi, ililizima mwaka 2019 isipokuwa kwa anayeliwasha mwenyewe. Basi kisanduku cha Maswa kilipopata programu mpya kiliacha kusema lugha ya zamani, na kompyuta kuukuu ikabaki haina wa kuzungumza naye. Diski hazikuwa na ugonjwa wowote. Dawa ilikuwa kutumia kompyuta mpya zaidi au, kwa dharura na kwa hadhari, kuliruhusu kwa muda toleo la zamani katika mipangilio.

Tuligeukie neno lenyewe. Katika maelekezo ya vifaa hivi tumeliona likibeba dhana tatu. Ya kwanza ni kuyatoa mafaili katika nakala iliyowekwa kando na kuyaweka tena mahali pake. Ya pili ni kuirudisha mipangilio, kama vile nywila ya msimamizi na anwani ya mtandao, iwe kama ilivyokuwa mwanzo, pasipo kuyagusa mafaili. Ya tatu ni kukirudisha kifaa kizima katika hali kilichotoka nayo kiwandani, yaani kitupu. Dhana ya kwanza humpa mtu mali yake. Ya tatu humnyang'anya. Neno ni moja, nazo dhana zinakwenda njia zilizopingana kabisa.

Sarufi yetu inayo njia ya kuepa jambo hili, na ni ajabu kwamba wafasiri hawakuitumia. Kurejesha ni kauli ya kutendesha ya kurejea: kuna kinachorejea, na kuna anayekifanya kirejee. Katika Kiswahili kinachorejea hutambulikana kwa ngeli yake. Laiti kitufe kingeandikwa "Yarejeshe", tungejua ni mafaili. Kingeandikwa "Irejeshe", tungejua ni mipangilio. Na kama kingeandikwa "Kirejeshe", mpiga picha wetu angesita, kwa sababu hakutaka kifaa kirejee popote, alitaka picha. Mfasiri aliyezoea lugha isiyo na ngeli ameona neno tupu kwenye kitufe, naye akaandika neno tupu. Silabi moja ya mwanzo ingetosha kumfanya mtu aulize.

Tusiwalaumu wafasiri wetu peke yao, maana utata huu wameurithi. Mwezi wa Juni 2021 watu wa nchi mbalimbali waliokuwa na visanduku vya My Book Live vya kampuni ya Western Digital walikuta mafaili yao yametoweka. Programu ya visanduku hivyo haikuwa imesasishwa tangu 2015, na wavamizi waliipata njia ya kuamuru kutoka mbali, bila nywila, kazi ile ya kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kampuni iliwashauri wateja wavichomoe katika intaneti. Sehemu ya programu iliyofanya ufutaji huo, katika Kiingereza chake, ilikuwa na jina linalomaanisha kurejesha. Kwa hiyo hata huko neno la upole limefunika tendo kali. Lakini kurithi kosa si lazima.

Yapo maneno jirani ambayo nayo yanahitaji kutazamwa. Kuboresha, kwa mfano, huahidi ubora kabla ubora haujaonekana. Kusasisha, lililoundwa vizuri kutokana na sasa, husema tu kwamba kitu kimefanywa kiwe cha wakati huu, na halidanganyi. Diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja tungependa ziitwe diski pacha, mradi maelekezo yaseme wazi kwamba pacha si akiba: kikifutwa huku kimefutwa na kule. Ndugu wa Maswa aliamini kuwa diski ya pili ingemwokoa.

Na hiyo nakala ya kando tuiiteje? Fasiri kadhaa za programu za kompyuta zimechagua chelezo. Ni neno safi la pwani, litokanalo na kuelea, nalo humaanisha boya, na pia mahali pa kutengenezea meli. Mvuvi wa Kilwa huenda akaipata taswira hiyo. Mkulima wa pamba wa Maswa hataipata, hata ukimweleza mara mbili. Sisi twapendelea nakala ya akiba. Kila mtu anajua akiba ya chakula, na watu wa wilaya hiyo wanalifahamu Pori la Akiba la Maswa linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. (Hapo pana mzaha kidogo: ukiwaambia umenunua hifadhi ya nyumbani, wa kwanza kuuliza atataka kujua umefuga mnyama gani.)

Pendekezo letu ni kwamba kurejesha kubakizwe kwa dhana ya kwanza peke yake, yaani kuyarudisha mafaili kutoka katika nakala ya akiba. Kwa ya pili tuseme kuanza mipangilio upya. Kwa ya tatu tuseme kufuta yote, na swali la kuthibitisha litaje kinachofutwa badala ya kuuliza tu kama mtu ana hakika, kwani mtu aliyedanganywa na neno ana hakika kabisa. Pengine tutaambiwa kwamba kitufe ni kidogo na maneno mawili hayatatosha. Tumehesabu: "Rejesha" ina herufi saba, "Futa yote" ina nane. Kifaa chenye nafasi ya picha elfu arobaini hakikosi nafasi ya herufi moja.

Kuhusu programu dhibiti hatujaafikiana. Wengine kati yetu huona kwamba kudhibiti kwadokeza zuio, hasa kwa kuwa neno hilohilo hutumika kwa programu za kuwazuia watoto wasione mambo fulani, nao wangependa programu ya kifaa. Wengine husema kwamba limekwisha kuenea katika simu, na kulibadili ni kuwachanganya watu. Tutafurahi kupata maoni ya wasomaji, hasa mafundi, ambao ndio huitwa vitu vikishaharibika.