Pongezi kwa wasomi wa umeme wa ndege
Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na Uwanja wa Ndege wa Bukoba, mkoani Kagera, Tanzania. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi waliowahi kufika kuwaokoa watu wamesifiwa, na ni haki yao. Mtafiti wa umeme wa ndege, anayekesha maabara kwa miaka akipima nyaya, vihisio na vinasa data, naye anastahili pongezi. Watakuwapo wa kusema wilaya za Bukoba na Muleba zinahitaji boti za uokoaji kwanza, si shahada za uzamivu. Boti ni lazima, tena haraka. Ila huanza kazi ndege ikishaanguka, ilhali vihisio anavyopima mtafiti husaidia kumwonya rubani angali angani. Wazazi wa Kagera, wahimizeni watoto, wasichana kwa wavulana, wasome fizikia.