Jeti katika maji ya Ziwa George

Ukishuka kutoka Rukoki hadi Hamukungu unafika Ziwa George, nchini Uganda, ambalo kina chake cha wastani ni mita 2.4 tu. Propela hapo hukwaruza tope na kusokotwa na majani, kwa hiyo anayeuliza kuhusu boti ya jeti ana hoja. Akishaipata, maneno hugeukia vifaa vya kuongeza mwendo, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bill Hamilton, mhandisi wa New Zealand, alijaribu mtambo wa Kimarekani uliotema maji chini ya boti. Haukumridhisha. Mfanyakazi wake akapendekeza pua ya kutolea maji ipandishwe juu kidogo ya usawa wa maji, na mambo yakabadilika. Mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado kinyume cha mkondo. Msafara wa 1974 wa mpelelezi Mwingereza John Blashford-Snell ulizitumia hata katika mto Kongo.

Kifaa cha kwanza cha maana, basi, ni pua inayoinamishwa. Ikielekezwa juu kwa digrii chache, maji yanayotoka husukuma tezi chini, omo ikanyanyuka, na sehemu ya boti inayoburuta majini ikapungua. Ukizidisha, omo huanza kudunda na mwendo hushuka. Ukiwa na mzigo, au ukipambana na mawimbi ya alasiri, elekeza pua chini ili omo itulie.

Kichujio chenye midomo ya kukusanya maji husifiwa sana, kwa kuwa hulisha pampu boti inapokimbia. Katika mto wa mawe na maji safi, sawa. Katika mfereji wa Kazinga, unaotoka ziwani hapo, kitakusanya magugu, na bamba la kurefusha kitako cha boti halitakusaidia kitu pampu ikiwa imekabwa.

Mimi ningeanzia kwenye pete inayoizunguka impela, yaani gurudumu la pampu linalosukuma maji. Tope na mchanga huila taratibu, pengo likapanuka, maji yakarudi nyuma badala ya kutoka puani. Injini inanguruma kwa nguvu, boti haiendi. Pete mpya haina mvuto dukani, lakini hurudisha msukumo uliokwisha kulipiwa.

Tena umbo la boti lina kauli. Boti ya futi 28 inayopasua maji bila kupanda juu yake huanza kugoma kwenye kilomita 13 hivi kwa saa. Ikiwa nyembamba, itavuka hapo kidogo. Kuongeza nguvu huishia kukuza wimbi la nyuma, mpaka upate kitako kipana na bapa. Kabla ya kununua chochote, sogeza pipa la mafuta kutoka tezini kuja katikati, kisha tazama wimbi hilo linavyopungua. Ni marekebisho ya bure.

Na kuna viboko. Kazinga ina wengi, na nahodha wa propela akimwona mmoja akiibuka hukata mafuta mara moja. Jeti huelekezwa na maji yanayotoka puani: ukikata mafuta umekata na usukani, boti itaendelea moja kwa moja kumfuata. Inabidi mkono ubaki kwenye mafuta, boti ikatwe pembeni, au ndoo ya kurudishia nyuma ishushwe huku pampu bado inasukuma.