Sekunde 41 na kitabu cha Murakami

Nilipovuka mstari wa mwisho pale Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi, saa yangu ya mkononi ilionyesha 1:59:48. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye magrupu matatu ya WhatsApp. Pongezi zikamiminika. Jioni matokeo rasmi yakatoka: 2:00:41.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye meza moja ya maji nilisimama, nikanywa, nikafunga kamba ya kiatu. Saa nayo ikasimama kuhesabu, maana ndivyo nilivyoipanga. Saa haikusema uongo. Mwongo nilikuwa mimi, na nilidanganya kwa kunyamaza tu. Picha niliiacha pale wiki mbili.

Ndani ya wiki hizo nikarudia kusoma *What I Talk About When I Talk About Running* cha Haruki Murakami, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Philip Gabriel. Mara ya kwanza nilikisoma kama wengi tunavyokisoma: kutafuta hamasa. Miezi mitano nilikuwa nafukuza nusu marathoni ya chini ya saa mbili, yaani kilomita 21 na ushee, kila moja kwa dakika 5 na sekunde 41 hivi. Nilitaka mtu wa kunisukuma kitandani saa kumi na moja alfajiri. Murakami akanisukuma kweli.

Lakini ukikisoma ukiwa umeshindwa, kwa kweli ni kitabu kingine kabisa. Mwandishi alianza kukimbia mwaka 1982, akiwa na miaka 33, baada ya kuuza klabu yake ya jazi ili aishi kwa kuandika. Sehemu kubwa ya kitabu inamkuta miaka ya 2005 na 2006, umri umeshapita 55, akijiandaa kwa marathoni ya New York. Mazoezi anafanya, nidhamu anayo, ila muda unazidi kuwa mbaya. New York haikwenda alivyotaka, naye anatuambia hivyo hivyo, bila kuipamba. Hata mbio za kilomita 100 alizokimbia Hokkaido mwaka 1996, ambazo mwingine angezigeuza kilele cha simulizi, yeye anakiri kwamba baada yake hamu ya kukimbia ilimpungua.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu hiki, na ndipo wanaokisambaza kama kitabu cha hamasa wanapokikosea. Ni kitabu cha mtu anayeandika namba mbaya kama ilivyo. Sentensi zake ni fupi, kavu, karibu zichoshe. Nadhani ukavu huo ni wa makusudi: ukishaanza kupamba sentensi, hatua ya pili ni kupamba muda.

Sikubaliani naye kila mahali. Anatamani kaburi lake liandikwe kwamba angalau hakuwahi kutembea. Bwana, huyo hajapanda Mweka! Halafu barabara zake zina upweke wa mtu mwenye nafasi: Kauai, kisha Cambridge kando ya mto Charles, mchana wote ni wake. Mke wake anapita kurasani kama kivuli. Mimi nilikimbia kabla ya zamu ya chumba cha habari, na kuna mtu aliyebaki nyumbani na mtoto ili mimi nikafukuze sekunde. Kitabu hakiulizi muda huu umekopwa kwa nani.

Swali la namna hiyo linaulizwa na Alan Sillitoe kwenye *The Loneliness of the Long-Distance Runner* ya mwaka 1959. Smith, kijana aliyefungwa kwa wizi, ana mbio kuliko wote, na mkuu wa gereza la vijana anataka kombe. Smith anaongoza, kisha anasimama karibu na mstari kwa makusudi ili apitwe. Ushindi ule ungekuwa wa mkubwa wake. Kwa hiyo anaiharibu namba ili abaki mkweli kwa nafsi yake. Mimi nilifanya kinyume chake: nafsi niliiweka kando ili namba ipendeze.

Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja unaona kitu kimoja. Kwa Smith, saa ni ya mkuu wa gereza. Kwa Murakami ni ya mwili wake, ambao haubembelezwi. Yangu ilikuwa ya magrupu matatu. Sikuwa nafukuza saa mbili. Nilikuwa nafukuza pongezi.

Kama unatafuta kitabu cha kukuongezea kasi, hiki cha Murakami kitakusaidia kidogo tu. Kisome baada ya mbio, hasa zile zilizokwenda vibaya.

Gazetini tukikosea tunachapa masahihisho, hata kama ni mistari miwili pembeni. Basi wiki ya pili nikaandika kwenye magrupu yote: “Masahihisho. Muda wangu wa Moshi ni 2:00:41. Saa yangu ilisimama nilipokuwa nakunywa maji.”

Wengi hawakujibu. Mwenzangu mmoja wa mazoezini, aliyenionya mapema kwamba Moshi si mahali pa kutafuta muda, akaandika: “Hongera hata hivyo, kaka. Mweka ulitembea?”

Nikamjibu: nilitembea.