Mteja ni Nani? Filamu ya Amy na Lugha ya Kuwasema Waraibu

Kiswahili cha mwambao kilikuwa na neno uraibu zamani, kabla hakijawa na neno lolote la kuwasemea watu wa unga. Lilitajwa mbele ya sinia ya tambuu: popoo, chokaa, tumbaku na jani lake, vitu ambavyo mgeni wa heshima alikaribishwa navyo. Leo neno lilo hilo limeingia katika hati za afya, likibebeshwa heroini na pombe, na mwenye maradhi huitwa mraibu. Mtaani, hata hivyo, haitwi hivyo. Huitwa teja, neno ambalo sikio haliwezi kulitenga na mteja, yule ajaye dukani na pesa yake mkononi. La kwanza lasema mtu alizoea kitu hata kikamtawala. La pili lasema alikwenda kununua kwa hiari yake, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mpenzi wa ushairi angefaidika kuitazama filamu ya Amy, iliyoongozwa na Asif Kapadia na kutolewa mwaka 2015, akiwa na maneno hayo mawili mkononi. Inamhusu Amy Winehouse, mwimbaji na mtunzi wa London, aliyezaliwa tarehe 14 Septemba 1983 na kufa nyumbani kwake Camden tarehe 23 Julai 2011, akiwa na umri wa miaka 27. Kapadia hakuwaketisha wasemaji mbele ya kamera. Sauti za marafiki, jamaa na wanamuziki zasikika juu ya picha za zamani, nyingine zilizopigwa nyumbani kwa mapenzi, nyingine zilizopigwa barabarani kwa kumwinda. Na nyimbo zinapoimbwa, maneno yake huandikwa juu ya kiwambo. Uamuzi huo ndio ubora mkubwa wa filamu hii. Aliyekuwa akicheza sasa hana budi kusoma, na asomaye hawezi kwenda mbio.

Chukua Rehab, wimbo wa 2006. Asili yake yafahamika. Amy alikuwa akitembea New York na mtayarishaji Mark Ronson, akamsimulia jinsi watu wake walivyotaka kumpeleka kwenye matibabu ya ulevi naye akakataa. Ronson akakisikia kiitikio ndani ya masimulizi. Dunia ikaucheza. Msomaji wa mwambao anajua kwamba "mimi" wa shairi si lazima awe mtunzi, na mpenzi wa taarabu anajua zaidi ya hapo: huinuka akautunza ubeti, akaufanya wake wa kumpigia jirani, na mtunzi akabaki salama nyuma ya fumbo lake. Amy hakuwa na pazia hilo wala hakulitaka. Alitunga yaliyomfika, tena kwa maneno mepesi yasiyo na pa kujificha. Umma nao ukafanya mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Ulipoutaka wimbo, uliuona mzaha; ulipotaka kumhukumu mwimbaji, uliutoa wimbo uleule kuwa ushahidi: si alikataa mwenyewe? Hapo ndipo mraibu anapogeuzwa teja.

Nick Shymansky, meneja wake wa kwanza, aeleza ndani ya filamu kwamba jaribio lile la matibabu lilifanyika kabla umaarufu mkubwa haujamfika, na lilipoponyoka, nafasi kama ile haikurudi. Ushuhuda huu wapita kwa haraka mno kwa uzito wake. Mwili uliozoeshwa kilevi hubadilika. Ubongo hujipanga upya kukingojea, na kikikosekana huja matetemeko, maumivu na hofu. Aliyezama katika pombe akiiacha ghafla pasipo daktari anaweza kufa. Mtaa wa Kiswahili unayajua mambo haya, maana umeyapa jina: arosto. Ajabu ni kwamba mtaa huohuo unaomwita mtu teja ndio ulioyabatiza mateso yake, ilhali lugha ya vibao vya milangoni yaendelea kusema "kurekebisha tabia", kana kwamba mgonjwa ni mtoto mtundu.

Mfasiri atakayetaka kulileta jina la wimbo ule katika Kiswahili atakwama papo hapo. Akiandika kurekebishwa tabia, amekwisha kumhukumu mwimbaji kabla hajafungua kinywa. Akiandika kutibiwa, ubishi wa wimbo wafifia, kwani ni nani ajivunaye kwa kukataa dawa? Yumkini lililo karibu zaidi ni "kupelekwa", kwa kuwa wimbo mzima wagombana na wapelekaji.

Tanzania nayo ilipata mtihani wake. Mwaka 2012 habari za heroini katika maisha ya Rehema Chalamila, Ray C wa Bongo Fleva, zilitoka hadharani, na mwishoni mwa mwaka huo alifika Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa msaada wa matibabu. Methadoni ilikuwa imeanza kutolewa Muhimbili mwaka uliotangulia. Huruma ipewayo msanii huja na sharti lisilotamkwa: apone mara moja, tena asirudi nyuma. Maradhi yenyewe hayakubali sharti hilo. Kurudi nyuma ni sehemu ya mwendo wake, kama homa irudivyo. Na vijana wa maskani za Unguja na Mombasa, wenye maradhi yayo hayo, hawana hata huruma hiyo ya sharti.

Udhaifu wa filamu uko katika kutafuta wa kulaumiwa. Baba na aliyekuwa mume wa Amy wabebeshwa mzigo mzito, na baba, Mitch Winehouse, alilalamika hadharani kwamba hakutendewa haki. Mtazamaji hubaki mikono mitupu, safi. Wachekeshaji wa televisheni waonyeshwa wakimdhihaki mgonjwa, naye mtazamaji huwachukia. Picha za waliomwinda zamulika machoni hadi zinaumiza, naye huzitazama zote, kwa tiketi aliyoinunua. Tarehe 18 Juni 2011, mjini Belgrade, Amy alipanda jukwaani akashindwa kuimba, na umati ukamzomea. Wale walikuwa wamelipa. Neno mteja liliwafaa wao.

Uchunguzi wa kifo chake ulikuta miligramu 416 za pombe katika kila mililita 100 za damu, zaidi ya mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa kwa dereva wa Uingereza, ambacho ni 80. Dawa haramu hazikukutwa. Alikuwa ameacha kunywa kwa muda, kisha akarudi.

Sehemu bora ya filamu ni ile ya Machi 2011, katika studio ya Abbey Road, Amy akirekodi Body and Soul pamoja na Tony Bennett. Anababaika, anajilaumu, anataka kuanza upya. Mzee, aliyekuwa na miaka 84 na ambaye mwaka 1979 kokeini nusura imuue, hamwulizi la pombe wala hampi nasaha. Anamtuliza, wanarudia. Wimbo huo ulitolewa tarehe 14 Septemba 2011, siku ambayo Amy angetimiza miaka 28.