Fumbo Ndani ya Fumbo: Wasomaji wa State of Terror na Mhusika Asiyeshukiwa

Riwaya ya State of Terror, iliyoandikwa na Hillary Clinton kwa ushirikiano na mwandishi wa Kanada, Louise Penny, ilitoka Oktoba 2021. Mabasi yanalipuliwa London, Paris na Frankfurt, na msomaji anatarajiwa kuuliza ni nani aliyetega mabomu. Wasomaji wengi walianza na swali jingine: ni nani anayesemwa? Rais aliyetangulia, Eric Dunn, mjinga mwenye kiburi aliyeiacha serikali ikiwa magofu, hakumpa shida mtu yeyote kumtambua. Ellen Adams, Waziri wa Mambo ya Nje anayemtumikia rais ambaye awali alimpinga waziwazi, alionekana kuwa Clinton mwenyewe, ambaye alishindania uteuzi wa chama na Barack Obama mwaka 2008 kisha akawa waziri wake kuanzia 2009 hadi 2013.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa mchezo huu. Jamii iliyolelewa na mafumbo ya taarabu, na kabla yake na tungo ambazo Muyaka bin Haji alizitumia katika siasa za Mombasa, inajua kwamba aliyetajwa si lazima awe ndiye aliyekusudiwa. Inajua pia kanuni moja ambayo wasomaji wa riwaya hii wameisahau: fumbo likifumbuliwa upesi mno, huenda msikilizaji ameshika lile alilotupiwa na kuacha lile lililofichwa.

Maoni ya wasomaji yamegawanyika kwa namna inayotabirika. Wako waliofurahia ujuzi wa ndani: jinsi ndege ya waziri inavyogeuka ofisi, jinsi neno moja katika mazungumzo ya kidiplomasia linavyopimwa kabla ya kutamkwa. Wako walioiona kazi nzima kuwa ni ulipizaji kisasi wa mtu aliyeshindwa na Donald Trump mwaka 2016. Wako pia wafuasi wa Penny waliozoea mwendo wa taratibu wa Inspekta Gamache na kijiji chake cha Three Pines, ambao walichoshwa na mbio za kutoka mji mmoja hadi mwingine. Malalamiko ya kundi hili la mwisho ni ya haki, ingawa hayana uzito mkubwa. Taharuki ya aina hii haina nafasi ya kukaa sebuleni.

Makundi mawili ya kwanza yana uzito zaidi, na licha ya kupingana yanasimama juu ya dhana moja. Anayesifu na anayelaumu wote wanaisoma riwaya kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, lakini mwanasiasa mstaafu hafi kirahisi hivyo: jina lake kwenye jalada ndilo lililomuuzia msomaji kitabu, na si haki kumlaumu msomaji huyo kwa kulitafuta ndani. Hata hivyo, waandishi wenyewe walieleza kwamba Ellen alichorwa kwa kumkumbuka Ellen Tauscher, mwanasiasa na rafiki wa Clinton, na kwamba mshauri wake Betsy Jameson ametokana na Betsy Johnson Ebeling, rafiki wa Clinton tangu utotoni. Wote wawili walifariki mwaka 2019. Maelezo haya hayaifuti sura ya Clinton katika Ellen, ila yanaonyesha mahali riwaya inapopumua. Kurasa za Ellen na Betsy, wanawake wa makamo wanaotumiana vichekesho vya sarufi huku dunia ikitishia kulipuka, ndizo zenye uhai kuliko zote. Humo hakuna anayetetewa wala anayeshtakiwa.

Kwingineko utetezi haukosekani, na hapo ndipo ufunguo wa majina unapompotosha msomaji. Adui mkuu ni Bashir Shah, mwanasayansi wa Pakistani anayeuza siri za silaha za nyuklia. Karibu kila msomaji mwenye kumbukumbu ya habari za dunia amemwona ndani yake Abdul Qadeer Khan, aliyekiri hadharani mwaka 2004 kwamba alihusika kuvujisha teknolojia ya nyuklia nje ya nchi yake, na ambaye, kwa sadfa ya ajabu, alifariki siku mbili tu kabla ya riwaya kutoka. Katika riwaya, Shah ameachiwa kutoka kizuizi cha nyumbani kwa ridhaa ya serikali ya Dunn, na kuachiwa huko ndiko chanzo cha maafa. Katika historia, mahakama ya Islamabad ilimwachia Khan Februari 2009. Dunn halisi alikuwa bado mbali na Ikulu. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo alikuwa Clinton, aliyeapishwa wiki chache kabla.

Jambo hili lisikuzwe kupita kiasi. Uamuzi ulikuwa wa mahakama ya Pakistani, na Clinton alieleza wasiwasi wake hadharani. Mtunzi naye ana uhuru wa kuhamisha matukio. Bila uhuru huo hakuna riwaya. Lakini uhamisho huu una mwelekeo. Tukio gumu lililotokea katika zamu ya mwandishi limekabidhiwa kwa hasimu wake, na msomaji aliyeridhika kwa kumtambua Khan na kumtambua Trump haoni kwamba tarehe imesogezwa. Anayesema "hiki ni kisasi" hakuona pia, kwa sababu alikuwa akiangalia matusi aliyorushiwa Dunn. Kisasi cha matusi ni kidogo. Kilichofanyika hapa ni kupanga upya kumbukumbu.

Kasoro ya kisanaa inatoka papo hapo. Riwaya ya upelelezi hufanya kazi kwa shuku, na State of Terror inashuku kwa ukarimu. Inamshuku mkuu wa majeshi, inamshuku mkuu wa ujasusi, inamshuku hata Anahita Dahir, ofisa mdogo wa dawati la Pakistani aliyepokea ujumbe wa tarakimu uliotabiri milipuko; asili ya wazazi wake inatosha kumweka mbele ya wahoji. Mtu mmoja tu hashukiwi. Ellen huchelewa, hukosea hesabu, hudharauliwa, lakini haruhusiwi kuwa na hatia. Kasoro hiyohiyo imo katika The President Is Missing, riwaya ambayo Bill Clinton aliiandika pamoja na James Patterson mwaka 2018: Rais Jonathan Duncan anasimulia sehemu kubwa ya kisa kwa kinywa chake mwenyewe, anatuhumiwa na Bunge kwa kosa ambalo msomaji anajua hakulitenda, na anamaliza kwa hotuba ndefu.

Mtu anaweza kudai kwamba mpelelezi hana budi kuwa safi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni mtu anayevuta kiko na kufikiri, wala hatumshuku. Lakini Bwana Msa hana wizara. Hana jeshi la kutuma wala mfungwa wa kumwachia, kwa hiyo kutomshuku hakumgharimu msomaji chochote. Waziri mwenye uwezo wa kukatisha maisha ya watu kwa simu moja ni mhusika wa aina nyingine, na riwaya ya kisiasa inayomwondoa katika orodha ya washukiwa imejinyima swali lake kubwa.

Inafaa kuongeza neno kuhusu anwani, maana wasomaji hawakulijadili sana na ndilo litakalomsumbua atakayejaribu kuitafsiri kazi hii. Neno la kwanza la anwani hiyo katika Kiingereza ni hali, ni dola, na papo hapo ni jina la wizara anayoiongoza Ellen. "Hali ya Hofu" itaipoteza dola. "Dola ya Hofu" itaipoteza hali. Na wizara itapotea katika zote mbili. Huenda mfasiri akachagua dola, na kwa kuchagua hivyo akamlazimisha msomaji wa Kiswahili aiangalie ofisi ya Ellen kwa jicho ambalo riwaya yenyewe haikutaka iangaliwe nalo.